Kengele na Hatua Tatu

Mimi ni mpiga dramu, na mpiga dramu hukaa nyuma ya wenzake wote. Ndiyo maana uso wa Kengele, mwimbaji wetu, siujui vizuri kama ninavyoujua mgongo wake. Mgongo huo nimeutazama tangu enzi zile sote wawili tuna nywele. Najua koti likimbana. Najua akiwa amenuniwa nyumbani, maana bega la kushoto hupanda kuelekea sikioni. Mwezi ule wa Inspekta bega hilo lilipanda likakataa kushuka, nikajua mwenzangu kaingiwa na wivu, tena si wivu wa mchezo.

Kengele ni jina tulilompa sisi wanabendi kwa sababu ya sauti yake. Siku za kazi anachanganya rangi katika duka la rangi na misumari karibu na stesheni. Mteja anamletea kipande cha ukuta kilichobanduka, ukubwa wa kiganja, naye anakipeleka mlangoni penye mwanga, anakigeuza, anakuna shingo, kisha anarudi kwenye makopo yake na kudondosha tone la hili na tone la lile. Ukienda kupaka huoni kiraka kimeanzia wapi. Sijawahi kuona kucha zake zote zikiwa na rangi moja. Jumapili alasiri huzisugua kwa mafuta ya taa, akavaa koti jeupe, akaja kuimba nasi katika ukumbi wa chini wa hoteli. Wanaokuja kucheza ni watu wa rika letu, wanaoanza mapema ili magoti yapate kupumzika mapema.

Koti hilo kashona mkewe, Mama Mapacha, fundi cherehani. Mama Mapacha ana mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mdogo wake wa kiume ndiye mpiga kinanda wetu. Kengele humwita shemeji, na sisi wengine tukadandia hapo hapo, sasa bendi nzima na wahudumu wa hoteli wanamwita Shemeji, hata wale ambao dada yake hawamjui.

Wimbo wetu mkubwa ni "Nisubiri Getini". Kengele aliutunga alipokuwa akimchumbia Mama Mapacha, wakati baba mkwe hataki kumsikia hata kwa dawa, na maongezi yao yote yalifanyikia getini. Ulipigwa redioni mpaka watu wakauchoka, kisha wakaukumbuka upya. Mwishoni kuna neno "usiondoke". Sauti inapanda juu kabisa kwenye neno hilo, inakaa huko, na haishuki mpaka mimi nigonge sahani ya dramu. Enzi za ujana wake, akifika hapo wahudumu walikuwa wakisimama na trei mikononi, na wapo waliopigiwa kelele jikoni kwa sababu hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo bendi nzima ililijua isipokuwa mwenyewe.

Sauti ya mtu huzeeka, na ya Kengele haikuwa na kinga. Jumapili moja, miaka imepita sasa, alifika kwenye "usiondoke" akakohoa. Akasema ni vumbi la mapazia. Jumapili iliyofuata, vumbi tena. Mapazia yakafuliwa, na vumbi bado lipo. Mama Mapacha akamvuta mdogo wake kando, akamwambia, "Mshushie. Kidogo tu, na asijue." Basi Shemeji akabonyeza kitufe, akaushusha wimbo mzima hatua moja. Kimo hicho cha wimbo sisi tunakiita kii. Mpiga gitaa na mpiga besi wakasogeza mikono, mimi sikuwa na la kusogeza. Kengele akaimba, akafika juu bila shida, akageuka akijipangusa jasho na kutuambia, "Mmeona? Nilisema ni vumbi."

Miaka ikaenda, ikashushwa hatua ya pili. Baadaye ya tatu. Kinanda kina kioo kidogo kinachoonyesha namba. Kii ikiwa pale wimbo ulipozaliwa, kioo kinaandika sifuri. Siku hizo kilikuwa kinaandika tatu yenye kijistari mbele, yaani tatu chini. Lakini mwimbaji anawatazama watu, na kinanda kiko nyuma yake, kwa hiyo hakuwahi kukiona. Alikuwa anaamini anaimba pale pale alipoimba akiwa kijana, na kichwa kilimvimba kidogo kwa hilo. Mimi sijutii hata chembe. Kichwa cha rafiki yangu kivimbe, mradi aendelee kuimba.

Ndipo akaja Inspekta.

Inspekta si askari. Ni mwigizaji wa filamu, yule mwenye kidevu, ambaye ameigiza polisi mara nyingi mno kiasi kwamba madereva wakimwona barabarani wanafunga mikanda. Safari hii alikuwa amepewa nafasi ya mwimbaji wa bendi ya dansi, na alikuwa ameapa kwamba ataimba mwenyewe, hataki kuazimwa sauti ya mtu. Mwongozaji wa filamu hiyo, mama mmoja mfupi anayeongea haraka kama anayekimbilia gari, alikuja hotelini Jumapili akasikia "Nisubiri Getini", akasema wimbo ndio huu. Wakaelewana na Kengele. Kengele angemfundisha Inspekta kwa mwezi mmoja, kisha wangepiga picha hapo hapo ukumbini, bendi ikiwa sisi na wachezaji wakiwa wateja wetu.

"Na asipoifikia ile 'usiondoke'?" Kengele akauliza.

"Asipoifikia, tutatumia sauti yako," mwongozaji akasema. "Yeye atachezesha midomo."

Maneno hayo alimwambia mbele yangu, na nikaona bega la kushoto linaanza safari. Kengele hakuwahi kutaka utajiri wala gari. Alitaka kitu kimoja, sauti yake ibaki ndani ya filamu, pahala ambapo wajukuu wataikuta. Sasa kati yake na kitu hicho alisimama mtu mwenye kidevu.

Somo la kwanza lilifanyika nyumbani kwa Kengele, na mimi niliitwa nigonge mapigo juu ya meza. Tulipoingia na mgeni, Mama Mapacha alitoka chumba cha cherehani mikono kichwani.

"Jamani! Ni wewe kabisa? Karibu, baba, karibu! Ile filamu ya daraja, uliporuka, mwenzio niliachia pasi!"

"Shikamoo, mama. Pole na pasi," Inspekta akasema.

"Marahaba. Pasi ilipona. Gauni la mteja ndilo lililoungua."

"Na mteja alikuja kunifokea mimi," Kengele akasema, lakini hakuna aliyemsikia.

Chai ililetwa katika vikombe vya kabatini, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo mara ya mwisho nilikuwa nimeviona kwenye posa ya mmoja wa mapacha. Mimi nilipata kimoja. Inspekta alipata kimoja, na kisahani chake. Kengele aliwekewa kile chake cha kila siku, chenye ufa. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena.

Inspekta akaimba. Najua Kengele alikuwa anaomba kimoyomoyo itoke sauti ya punda. Haikutoka. Ilitoka sauti ya kawaida, nzito kidogo, yenye mikwaruzo. Isipokuwa yule bwana ana mchezo mmoja, akiimba anamchagua mtu na kumwimbia yeye. Pale sebuleni hapakuwa na mwanamke mwingine, akamwimbia Mama Mapacha, aliyekuwa kakaa na pindo la sketi mapajani. Mama Mapacha akajidunga sindano kidoleni. Alinyonya kidole huku anacheka, na mwenye nyumba akasema somo limetosha kwa leo.

"Ananiita mwalimu," alinilalamikia kesho yake dukani, akikoroga kopo la rangi ya ukuta kwa nguvu hadi ikamrukia. "Shikamoo mwalimu, asante mwalimu. Adabu mpaka inakera. Afadhali angekuwa na kiburi, ningejua pa kumshikia."

"Si kijana mzuri tu?"

"Mzuri! Na wewe umeanza? Nyumbani hivi sasa ukimtaka mke wangu, taja filamu. Binti zangu wamenipigia simu wote wawili. Nikasema wananikumbuka. Kumbe wanataka niwaombee picha."

Wiki ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Watu wa filamu walitaka Inspekta avae koti jeupe la mtindo wa Kengele, na nani wa kulishona kama si mwenye mtindo? Nilikuwa nimempitia Kengele kazini, tukaingia nyumbani pamoja. Mlango wa chumba cha cherehani ulikuwa wazi. Inspekta kasimama katikati, mikono juu kama aliyekamatwa na wenzake, na Mama Mapacha kamzungushia futi kifuani.

Kengele hakusalimia. "Kifua kimoja kinapimwa mara ngapi?"

"Mara mbili," mkewe akajibu, pini mdomoni. "Ndiyo kazi."

"Mimi ulinipima mara moja."

"Wewe hukuwa na kifua cha kupimwa mara mbili."

Inspekta alicheka, kisha akaona uso wa mwalimu wake akajifanya anakohoa. Mimi nilitoka nje kutazama maua, ingawa pale nje hapana maua. Jioni ile mezani, nasikia, Kengele alipoulizwa kama mboga ina chumvi alijibu, "Muulize Inspekta."

Mtu angesema ni vichekesho, na mimi mwenyewe nilicheka sana wiki hizo. Lakini kijiba cha roho si mchezo kikimkaa mtu wa umri wetu. Alianza kukosea rangi. Mteja mmoja alirudisha makopo manne, ukuta wake una kiraka kinachoonekana kutoka barabarani. Kengele, ambaye rangi ikipauka hata kwa tone anaiona, alikuwa anasimama mlangoni na kipande cha ukuta mkononi akitazama watu wanaopita.

Kilichommaliza ni wiki ya tatu. Inspekta hakuwa mvivu. Alikuwa anaimba ndani ya gari, bafuni, kwenye ngazi. Siku ile, kwa kii yetu ya kila Jumapili ambayo Shemeji alikuwa anakuja kumpigia kwenye masomo, kioo kikiwa upande wake, aliikaribia "usiondoke", mishipa ikamsimama shingoni, akaifikia. Haikuwa tamu, lakini aliifikia, akaishika, na mimi nikagonga meza ashuke. Kutoka jikoni Mama Mapacha alipiga makofi mikono ina povu la sabuni. "Umefika! Baba Mapacha, umemsikia? Amefika!"

"Nimesikia," Kengele akasema. "Si kiziwi."

Jumamosi, kesho yake ikiwa siku ya kupiga picha, alituita mimi na Shemeji nyuma ya duka, kwenye makopo matupu. Alikuwa ametulia kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Shemeji, kesho Inspekta akipanda jukwaani, pandisha kii."

Shemeji akauliza, "Nipandishe?"

"Hatua tatu. Mbili atajikaza atafika. Nne mwongozaji atashtuka. Weka tatu. Atakwama, nitaitwa mimi, utarudisha ilipokuwa, nitaimba, na mambo yatakuwa yamekwisha. Hakuna atakayejua."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama makopo. Umenielewa, msomaji? Hatua tatu juu ya pale tulipokuwa ni sifuri. Kengele alikuwa anamtegea mwenzake mtego, na mtego wenyewe ulikuwa wimbo wake halisi, katika kimo alichouimbia akiwa kijana.

"Achana naye, bwana," nikamwambia. "Mtu mzima anamtilia mwenzake mchanga kwenye kitumbua?"

Akanigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona hata tulipoibiwa vyombo. "Kitumbua ni changu! Wimbo ni wangu! Niliutunga nikiwa nimesimama getini, mbu wananila, kwa ajili ya mwanamke mmoja. Leo mwanamke huyo ananiambia nisogee, nimpishe mgeni kiti. Ananiambia amefika, umemsikia? Mimi nimefika kila Jumapili, miaka yote hii. Nani amenipigia makofi akiwa jikoni?"

Jibu tulilokuwa nalo ndilo hasa lisilosemeka. Shemeji alikubali kwa kichwa. Njiani akaniambia atafunika kioo cha kinanda kwa leso, atabonyeza haraka kupanda, atabonyeza haraka kushuka, na Mungu atusaidie. Tulikata shauri tusimwambie dada yake, kwa sababu angelia au angecheka, na vyote viwili vingemfikia Kengele kabla ya chakula.

Jumapili ukumbi ulikuwa na taa za kuunguza utosi. Nyaya zilitapakaa sakafuni, wateja wetu wamevaa walivyovaa kwenye harusi za watoto wao, na mwongozaji anakimbia huku na huko. Mama Mapacha alikaa kiti cha mbele, kifuko cha pini kimefungwa mkononi, akilitazama lile koti jipya kama kamera ingeona uzi. Inspekta alisimama penye kipaza sauti, mahali pa Kengele. Kwa hiyo Kengele akaambiwa asimame pembeni, kati ya kinanda na dramu zangu. Katika miaka yetu yote hajawahi kusimama upande huo wa bendi.

Shemeji aliweka leso juu ya kioo akasema taa zinamwumiza macho. Kengele hakushughulika na leso, alikuwa anatazama kidole. Kidole kikabonyeza mara tatu. Akaniangalia, akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyefunga mlango na kuujaribu.

Nikahesabu kwa vijiti, tukaanza. Inspekta akaingia. Mstari wa kwanza akashtuka kidogo, akajikaza. Kengele alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama. Nikaona uso wake unalainika, jambo ambalo sikulitegemea. Akaniinamia sikioni.

"Unasikia?" akasema. "Leo wimbo umekaa mahali pake."

Nilipiga kwa nguvu ili nisimjibu.

Inspekta alipofika "usiondoke" alipanda, akapanda, halafu sauti ikakatika, ikatoka hewa tupu. Akakohoa. Ukumbi mzima ukamwonea huruma na kupiga makofi, jambo ambalo kwa mwimbaji ni baya kuliko kuzomewa. Mwongozaji akasema irudiwe. Ikarudiwa, ikakatika pale pale. Inspekta akajipangusa shingo, akamgeukia Kengele.

"Samahani, mwalimu. Juzi nilifika. Sijui leo nimepatwa na nini."

"Ni vumbi," Kengele akasema. "Vumbi la mapazia."

Mwongozaji alitazama saa, akapiga makofi mawili. "Basi. Mwalimu, njoo utupe sauti yako."

Kengele hakukimbia. Alifunga vifungo vya koti lake la zamani, kimoja kimoja, akafuta mdomo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kwa mara ya kwanza mwezi mzima. Alipopita kwenye kinanda alisema chini chini, "Haya, rudisha." Na kwa sababu ni mtu anayehakikisha mambo, akaiondoa ile leso kwa ncha za vidole ili aone kweli imerudishwa.

Kila mpiga bendi anajua kinanda ambacho hakijaguswa kinasoma sifuri. Kengele alitarajia kuona tatu, kisha kidole kibonyeze, kisha sifuri. Alichoona ni sifuri. Kidole cha Shemeji kikabonyeza, ikawa moja chini, mbili chini, tatu chini, kikaacha.

"Umekosea," Kengele akasema. "Nimesema rudisha."

"Nimerudisha, shemeji."

"Hapa ilikuwa sifuri."

"Ndiyo."

"Jumapili iliyopita ilikuwa ngapi?"

Shemeji akatazama mikono yake. Mpiga besi akaanza kukaza uzi usiolegea. Kengele akanigeukia mimi, na hapo nikauona uso wake vizuri, pengine kuliko siku yoyote. "Na wewe?" akauliza. Akamtazama mkewe kwenye kiti cha mbele. Mama Mapacha hakuwa anamtazama Inspekta wala koti. Alikuwa anakitazama kinanda, kafunika mdomo kwa mkono.

Nitakalolisema sasa bado linanipandisha hasira. Angeweza kuimba. Hatua tatu chini ilikuwa tayari imewekwa, sauti yake pale ni asali, hakuna mtu ukumbini ambaye angejua, na filamu ingekuwa yake. Nilishainua vijiti. Nilikuwa tayari kuanza hata bila ruhusa yake, tupite tu.

"Iweke sifuri," akasema.

"Shemeji, tafadhali."

"Sifuri."

Akaimba "Nisubiri Getini" kama ulivyozaliwa. Mistari ya kwanza watu waliacha kutikisika vitini. Nadhani hata yeye alisahau kidogo, maana alifumba macho. Alipokaribia "usiondoke" nilitangulia kugonga sahani ili kelele imfunike, lakini haikusaidia. Sauti ilikatika pale pale ilipokatikia ya Inspekta, kwenye neno lile lile, ikatoka hewa tupu ile ile.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwongozaji alinong'onezana na fundi wake wa sauti, kisha akauliza kwa upole kama kuna njia ya kuushusha wimbo. Kengele ndiye aliyejibu, tena kwenye kipaza sauti, ukumbi wote ukasikia.

"Shusheni hatua tatu. Mpeni Inspekta. Atafika." Akakirudisha kipaza sauti kwenye mlingoti wake. "Hata mimi huwa nafika hapo."

Inspekta alifika. Ndiyo sauti mtakayoisikia kwenye filamu, ya mikwaruzo, na koti limemkaa vizuri mno.

Tulirudi nyumbani kwa miguu sisi wanne, Kengele akitangulia, mimi na Mama Mapacha tukimfuata. Shemeji alitembea nyuma kabisa kama mwenye kosa. Tulipita duka la rangi limefungwa, tukapita stesheni, tukafika mlangoni kwake.

"Ni nani alisema nishushiwe?" Kengele akauliza.

"Mimi," mkewe akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu vumbi la kwanza."

"Na hukuweza kuniambia? Umeniacha nimesimama pale mbele za watu miaka yote, najisifu kama mwehu?"

"Ningekuambia, ungeacha kuimba. Nakujua, Baba Mapacha. Ungekuja kukaa hapa sebuleni Jumapili nzima ukitazama ukuta na kuniambia rangi yake imepauka." Akamsogelea. "Wimbo ule ni wangu. Mimi ndiye niliyekuwa getini. Nilitaka niusikie mpaka mwisho wake, basi. Ukiuimba chini ya kitanda nitalala sakafuni nikusikilize."

Kengele alivua koti, akalikunja, akalifunua tena. Nilidhani ameishiwa maneno. Kumbe hajaishiwa.

"Na Inspekta?"

"Inspekta ni wa kutazama, wewe ni wa kusikiliza!" Mama Mapacha akapandisha. "Nina macho na nina masikio, ulinioa na vyote. Sasa unagombea kipi?"

Kengele aliingia ndani akaufunga mlango wa chumbani, na sisi tukaaga.

Wiki ile hakuja mazoezini. Nilimpitia dukani, akaniuzia misumari ambayo sikuihitaji na hakuniuliza ya nini. Huwa anavumisha wimbo akikoroga rangi, wiki ile alikoroga kimya. Mama Mapacha alinipigia simu kuniuliza kama ameniambia lolote kuhusu Jumapili. Nikasema hajasema. Akasema basi koti amelipiga pasi, lipo.

Jumapili tulifunga vyombo bila kujua tunamfungia nani. Wateja walianza kuingia, mpiga gitaa akaniuliza kama najua maneno ya wimbo wowote, nikamwambia asinitukane. Halafu nikamwona Kengele anashuka ngazi, koti jeupe mwilini, kucha zimesuguliwa. Nyuma yake Mama Mapacha alisimama mlangoni na mkoba begani, kama mtu asiyejua kama anakaa au anaondoka.

Kengele hakwenda penye kipaza sauti. Alizunguka akaja nyuma, upande wetu, akainamia kinanda, akafuta kioo kwa kidole gumba. Tatu chini.

"Shemeji," akasema, "hata hapa siku hizi panaanza kunibana. Weka nne."

Shemeji akabonyeza. Kengele akahakikisha kwa macho yake, akaitikia kwa kichwa, akaenda mbele. Alipofika kwenye kipaza sauti akatugeukia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Lakini Inspekta akija kututembelea na kuomba kuimba," akasema, "mwekeeni sifuri."

Kule mlangoni Mama Mapacha alishusha mkoba begani, akavuta kiti.